Maagizo kwa Chondo, Kabla Sijaenda Kutolewa Mtoto wa Jicho

Chondo, meza ni hii. Mguu wake mmoja mfupi,
nimeutilia kigae; usikitoe.
Watakuja kabla ya saa moja,
mabawabu wa Nyali kwanza, macho mekundu,
simu zao zimekata roho tangu alfajiri.
Kila simu ifunge kizibo chenye nambari,
kizibo pacha mpe mwenyewe.
Usiamini uso. Uso wa asubuhi si uso wa jioni.

Paneli ikunjue kama mkeka wa mgeni.
Asubuhi itazame baharini,
alasiri igeuze itazame Makupa.
Ipanguse kwa kitambaa kibichi: vumbi la Kongowea
lina mafuta, lina maganda ya vitunguu,
na jua halipiti dirisha chafu.

Sasa sikiliza, hili ndilo.
Paneli juani, betri kivulini.
Sema.
Sema tena.
Waya ni mrefu kwa sababu hiyo,
si wa kuanikia nguo.
Kinachokula jua na kinachotunza jua
havilali kitanda kimoja.

Mwaka juzi, Februari, unaijua Februari ya hapa,
bati linavyolia peke yake mchana,
niliiacha betri juu ya paneli
nikaenda kupimiwa mchele.
Kurudi, imeumuka kama hamri,
inanuka tamu, harufu ya rangi ya kucha.
Nikasimama nikiitazama
kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani akipanda ukuta.
Kisha ikapiga mluzi.
Dzombo wa viazi ndiye aliyekuja na ndoo ya mchanga.
Mimi nilikuwa bado nimeshika mchele.

Simu nne ziliungua. Tatu nimelipa.
Ya nne ilikuwa ya Mbodze, wa kisamvu,
naye hakutaka pesa. Kulikuwa na sauti mle ndani,
sikuuliza ya nani.
Mpaka leo tunasalimiana kwa mkono,
si kwa macho.

Kwa hiyo simu iliyovimba mgongo irudishe.
Wataapa. Watasema ni kava.
Ilaze mezani uizungushe:
ikizunguka kama pia, ni mgonjwa, haina dawa kwetu.
Waya uliochubuka ukate, usiufunge na plasta,
huyo si kidole.
Simu ikiwa moto kuliko shavu lako, ichomoe ipoe,
hata kama mwenyewe ana haraka ya kufa.
Haraka yake ni yake. Meza ni yangu.

Jioni betri uende nayo nyumbani,
ilale sakafuni, kwenye saruji, mbali na pazia.
Usiifiche chini ya mto eti wezi.
Mwizi huchukua simu, akaacha nyumba.

Wingu litakuja. Taa ya kijani itazima
na watu wote watakutazama
kana kwamba wewe ndiwe uliyeliita.
Usiombe radhi. Kaa.
Litapita,
na simu zote zitalia pamoja, kila moja na mlio wake,
kama darasa lililoona mwalimu ametoka,
na hapo utajua kwa nini siuzi meza hii.

Ishirini kwa simu ndogo, thelathini kwa kubwa.
Mwenye asilimia mbili na mgonjwa hospitali, asilipe.
Utamjua, huishika simu kwa mikono miwili.

Na Mbodze akija,
hajaja tangu siku ile, lakini akija,
mpe kizibo nambari moja, usimtoze.
Iweke simu yake penye kivuli kizito, ukae nayo.
Kisha nipigie. Nitakuwa na bandeji jichoni,
sitaweza kusoma ujumbe,
kwa hiyo nieleze kwa mdomo, polepole:
alikutazama vipi alipokuwa akikupa.